Jibu: Crown Victoria ya 2008 iliyokuwa ya polisi

Ndugu, umeuliza uangalie nini kwenye Crown Victoria (gari la Ford) ya 2008 iliyokuwa ya polisi, unayotaka kuinunua huko Ohio. Anzia chini ya uvungu. Body imekalishwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huila chesisi hiyo pole pole. Lala chini na tochi na bisibisi, gongagonga hasa pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Kutu ya juujuu haina neno. Bisibisi ikizama, achana na gari hilo hata ukipunguziwa nusu ya bei. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi huishia kuangalia rangi na viti.

Maili peke yake zisikudanganye. Gari la polisi hushinda limesimama huku injini inanguruma. Bonyeza kitufe kwenye dashibodi mpaka zitokee saa za injini. Ford hukadiria saa moja ya kunguruma limesimama ni sawa na maili 33 hivi.

V8 (silinda nane) ya lita 4.6 ya gari hili ni injini ngumu sana ikitunzwa. Chomoa stiki ya oili ya giaboksi: oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usitoe hata dola ya kishika nafasi.