Muda wa kusoma upo kwenye masalio

Miaka mingi jibu langu lilikua moja tu, sina muda. Mtu akiniuliza siku hizi unasoma nini namwambia ndugu yangu kazi, foleni, watoto, ntasoma saa ngapi? Aliyenitoa hapo ni Mchina wa karne ya 3, zama za falme tatu (China ilipogawanyika falme tatu), anaitwa Dong Yu.

Huyu alikua maskini kabisa, yeye na kaka yake wanaokota nafaka za porini wakauze, ila popote anapoenda kitabu kipo, akipata upenyo anasoma, kaka yake anamcheka wee lakini wapi, hakuacha. Baadae akawa msomi mkubwa watu wakawa wanamfuata awafundishe, yeye anawaambia kwanza kasomeni mara mia, maana itajitokeza yenyewe. Wakalalamika muda hamna. Akawajibu tumieni masalio matatu: majira ya baridi ni masalio ya mwaka, usiku ni masalio ya siku, mvua ni masalio ya majira. Yaani zile nyakati jembe limepumzika.

Sisi Dar baridi ya maana hatuna, ila usiku na mvua tunavyo. Kwaiyo saa tatu usiku simu naiacha sebuleni inachaji, chumbani naingia na kitabu. Kurasa 5, siku nyingine 2 usingizi ushanibeba, sawa tu. Na masika, maji yakijaa Jangwani magari yakasimama, watu wote kwenye daladala wanasonya na mi najua hapa nimepewa lisaa limoja la bure, natoa kitabu kwenye begi. Masika iliyopita nimemaliza riwaya nzima hivyo hivyo.

Na usisome kama una mtihani jamani. Tao Yuanming, yule mshairi wa Kichina aliyeacha kazi ya serikali mwaka 405 akarudi kijijini kulima, aliandika kwamba anapenda kusoma bila kukazana aelewe kila kitu, ila maana ikimgusa anafurahi mpaka anasahau kula.

Kuna mwingine nampenda zaidi, Su Dongpo, mshairi wa Kichina na mtumishi wa serikali, huyu yeye alijua kufurahia masalio hata ya chakula. Mwaka 1094 alifukuzwa akapelekwa Huizhou, kusini kabisa, mtu mzima karibu miaka 60. Sokoni pale kwa siku anachinjwa kondoo mmoja na nyama ni ya wakubwa, basi akamwomba mchinjaji amuwekee mifupa ya uti wa mgongo. Anaichemsha, anaitoa ikiwa ya moto anaichuja maji, anaimwagia pombe na chumvi kidogo, anaichoma mpaka iungue kwa mbali, halafu anashinda anachokonoa vinyama vya katikati ya mifupa kama mtu anayekula kaa. Akamwandikia mdogo wake barua kumsifia utamu wake, akasema tatizo ni mbwa tu, hawatafurahi.

Nikaijaribu jumapili. Mifupa ya mgongo wa mbuzi buchani bei ndogo, pombe situmii nikaweka ndimu, jiko la mkaa nje. Tumekaa barazani na mama watoto kila mtu na kijiti chake tunachokonoa, stori zinaenda, mpaka saa kumi hakuna aliyeulizia simu. Mvua ikaanza. Nikaingia ndani kuchukua kitabu, niliporudi akaniambia soma kwa sauti basi na mimi nisikie.