Vijana ni robo tatu ya Wakenya, mbona kwenye debe hawaonekani?

Swali ni hili: ikiwa robo tatu ya Wakenya hawajafika miaka 35, inakuwaje vijana wasiamue uchaguzi peke yao? Na je, umri una uzito wowote mtu akishika karatasi ya kura, au ni eneo na kabila tu? Najibu kwa hesabu za Kenya, maana unaweza kuzifuata mwenyewe kwa kalamu.

Anza na hiyo robo tatu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ni kweli kama asilimia 75 walikuwa chini ya miaka 35, lakini humo wamo watoto wa chekechea na wanafunzi wa shule ya msingi. Wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban milioni 13.8, yaani asilimia 29 ya watu wote. Zaidi ya nusu ya "vijana" wako wameondoka kabla karani wa IEBC, tume ya uchaguzi, hajawasha mashine. Sasa fungua daftari la wapiga kura lililotumika 2022: majina 22,120,458, na ya vijana ni 8,811,691, sawa na asilimia 39.84. Ndiyo sehemu yao halisi, na bado hatujauliza nani alifika kituoni siku yenyewe.

IEBC ilisema hesabu hiyo ya vijana ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 ikilinganishwa na 2017. Watu wengi waliisoma kana kwamba vijana walijiondoa daftarini kwa hasira. Sivyo daftari linavyofanya kazi, na hapa naomba usome polepole.

Jina likishaingia daftarini hubaki. Mwenye jina ndiye anayezeeka. Aliyejiandikisha akiwa na miaka 31 mwaka 2017 alikuwa na 36 mwaka 2022. Hakuhama, hakujitoa, ila ameshahesabiwa upande wa wakubwa. Kila baada ya miaka mitano, marika matano hutoka juu ya kundi la vijana, na pengo lao huzibwa hasa na wapya wa miaka 18 hadi 22. Wasipojiandikisha, kundi hupungua hata kama hakuna kijana mmoja aliyebadilisha mawazo. Na hawakujiandikisha vya kutosha. Zoezi la Oktoba na Novemba 2021 lililenga watu milioni 6, likapata kama milioni 1.5. La Januari na Februari 2022 lililenga milioni 4.5, likapata kama milioni 1. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya vijana, achana na wastani wa miaka 18 hadi 34. Tazama wale wa 18 hadi 22, kwa sababu penye tatizo ni mlangoni.

Mlangoni pana vikwazo vya kawaida kabisa. Kujiandikisha kunataka kitambulisho chenyewe au pasipoti. Karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliki. Anayeomba kitambulisho daftari likikaribia kufungwa anaweza kuchelewa. Kikwazo cha pili ni kuhamahama. Unapiga kura kwenye kituo ulichojiandikisha, si kwingine. Mwanafunzi aliyeandikishwa karibu na chuo Njoro, halafu Agosti, mwezi wa uchaguzi, yuko nyumbani Kitui chuo kimefunga, kura yake iko Njoro. Vivyo hivyo kijana aliyehama chumba cha kupanga mara tatu tangu 2017. Mzee wa miaka 60 anaishi palepale, na kituo chake ni shule ileile ya msingi miaka yote. Tofauti ya kujitokeza inayoitwa "vijana hawajali" kwa sehemu ni nauli na umbali. Dawa ni kuhamisha kituo: unakwenda mwenyewe na kitambulisho kabla usajili haujafungwa.

Upande wa wazee nao una hitilafu zake. Majina ya marehemu hukusanyika huko. Ukaguzi wa kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta kama 246,000 daftarini. Marehemu hapigi kura lakini anahesabiwa kati ya waliojiandikisha, kwa hiyo asilimia ya wazee waliojitokeza huonekana ndogo kuliko ilivyo. Halafu kuna vidole vilivyosuguliwa na jembe hadi KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, isivisome. Mwenye vidole hivyo asirudi nyumbani! Msimamizi anamtafuta kwa namba ya kitambulisho na kujaza Fomu 32A mbele ya mawakala, kisha anapiga kura kama wengine.

Sasa, wanamchagua nani? Kura ni ya siri na Fomu 34A, ya matokeo ya urais kituoni, haina safu ya umri, kwa hiyo matokeo ya kituo hayakuambii moja kwa moja. Wala usijaribu kulinganisha mikondo, yaani vyumba vya kupigia kura, ya kituo kimoja ukidhani mmoja una vijana wengi. Mikondo hugawanywa kwa herufi za majina. Lakini hesabu moja inawezekana. Mwaka 2022 kaunti za Siaya na Homa Bay zilimpa mgombea urais Raila Odinga zaidi ya asilimia 95 ya kura. Chukulia vijana walikuwa asilimia 40 ya waliopiga kura huko. Hata kama wapinzani wote, ile asilimia 5, wangekuwa vijana watupu, ni 5 kati ya 40. Kwa hiyo angalau asilimia 87.5 ya vijana waliopiga kura walikwenda na wazazi wao. Fanya hesabu hiyohiyo Elgeyo Marakwet kwa William Ruto, utafika palepale. Kwenye ngome, umri hauamui unampigia nani. Unaamua kama utapiga. Na hilo si dogo: waliojitokeza nchini walikuwa kama asilimia 65, na Ruto alishinda kwa kura 233,211.

Misimamo ni jambo jingine, na hapa watu huchanganya mambo matatu. Kuna umri wenyewe: mwenye shamba na karo ya kulipa huogopa vurugu kuliko asiye na cha kupoteza. Kuna kizazi: aliyepanga foleni nyuma ya mgombea katika mlolongo wa 1988 anaithamini kura ya siri kwa namna ambayo aliyezaliwa 2003 hawezi kuihisi, naye huyu wa 2003 alikuwa mtoto mdogo ghasia za 2007 na 2008 zilipotokea, hivyo tishio la "tutarudi kule" halimshiki vilevile. Na kuna kipindi, kinachogusa wote kwa pamoja, kama bei ya unga. Utafiti wa siku moja hauwezi kutenganisha hayo matatu, hata uwe mzuri vipi.

Na ukiletewa utafiti wenye safu ya "18–24", uliza walikuwa wangapi. Kadirio la haraka: gawa 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 2,400 wanakupa kosa la kama pointi 2 juu au chini. Vijana 400 ndani yao wanakupa pointi 5. Wakiwa 100, ni pointi 10, na tofauti ya pointi 7 kati yao na wazee haifai kuandikiwa kichwa cha habari.

Ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema tayari kwamba maandamano ya Juni 2024 yamezaa mpiga kura mpya. Waandamanaji waliingia Bungeni tarehe 25, kesho yake rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Alama ya kizazi inaweza kuwa imechorwa pale. Kuipima, wafuate waliozaliwa 1997 hadi 2006: mwaka 2027 watakuwa na miaka 21 hadi 30, mwaka 2032 watakuwa na 26 hadi 35. Chukua watu hao hao mara zote mbili, usichukue "18–34" mpya. Wakibaki tofauti na wakubwa wao wakiwa tayari na karo za kulipa, ni kizazi. Wakifanana nao, ulikuwa umri tu.