Unataka utafiti wa betri au vihisi? Jifunze kupima kwanza

Vijana wa huku Kigoma wanaomaliza digrii ya kemia au fizikia huniuliza: uzamili nifanye wa betri au wa vihisi, yaani vifaa vya kupima kemikali? Mara nyingi muulizaji ameshachagua na kitu cha kutengeneza: grafini, perovskaiti, betri ya sodiamu. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Mada zinazovuma hubadilika kila baada ya miaka michache, ila mtu anayeweza kutoa namba ya kuaminika kwenye elektrodi, kile kipande kinachopitisha umeme ndani ya mmumunyo, anahitajika katika kila maabara.

Chukua elektrodi ya kaboni-kioo. Uso wake ni kiduara cheusi cha milimita tatu hivi. Unausugua juu ya kitambaa chenye unga wa alumina uliolowa, mkono ukichora namba nane: kwanza unga wa maikromita 1, kisha 0.3, mwisho 0.05. Unasuuza kwa maji yaliyokenekwa. Halafu unaitumbukiza kwenye mmumunyo wa ferisianidi, chumvi ya chuma ya majaribio, unapandisha na kushusha volti kwa mashine iitwayo potenshiostati, unaangalia vilele viwili vya grafu vimeachana kiasi gani. Kinadharia, kwa nyuzi 25, ni milivolti 59. Ukipata 70 au 80, endelea na kazi. Ukipata 200, rudi ukasugue. Wengi huona hii ni kazi ya mtumishi wa maabara, wakaikimbilia sintesisi, yaani kutengeneza kemikali mpya. Na elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha, ile ambayo volti nyingine hupimwa kwa kulinganishwa nayo, ndiyo hatari zaidi: mmumunyo wake wa ndani ukikauka au ukichafuka, kila volti unayoandika daftarini ni ya uongo, na mashine haitakwambia.

Maswali yenyewe si lazima uyatoe kwenye majarida ya nje. Shuka mwalo wa Kibirizi mchana, mitumbwi ikiwa imerudi. Taa za LED zimechukua nafasi ya karabai kwenye uvuvi wa dagaa, na nyingi zinawashwa kwa betri za risasi za volti 12. Ikifika mbalamwezi uvuvi husimama, maana dagaa hawavutiki na taa. Betri nayo inawekwa pembeni, na isipochajiwa inabaki nusu tupu vilevile ilivyotoka ziwani. Hapo ndipo inapofia. Salfeti ya risasi iliyojijenga kwenye bamba wakati taa zinawaka hugeuka fuwele kubwa ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Fikiria betri iliyokaa stoo muda wote huo bila kuguswa.

Betri nzima, imejaa na imetulia, husoma takriban volti 12.7. Ikisoma 12.0 imebaki na robo hivi. Ila volti peke yake haikwambii kama betri ni mbovu, kwa sababu hata iliyochoka huweza kusoma vizuri mpaka uibebeshe taa. Kifaa cha bei nafuu cha kumjulisha mvuvi hali ya betri yake kabla hajasukuma mtumbwi ni utafiti halali kabisa wa uzamili. Hakihitaji grafini.

Kuhusu kuchagua, piga hesabu ya muda. Ukichaji betri kwa saa tano na kuitumia kwa saa tano, mzunguko mmoja ni saa 10. Mizunguko 500 ni saa 5,000, yaani zaidi ya siku 208 mfululizo, na umeme usikatike. Hiyo ni sampuli moja, na wewe una miaka miwili. Vihisi vinakupa jibu mchana mmoja, ndiyo maana mwanafunzi asiye na mashine nyingi mimi humshauri aanzie huko.

Lakini vihisi vina mtego wao. Ukivijaribu kwenye maji safi ya maabara pekee, vyote vinafanya kazi. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, yaani ni ya kialkali, na ukipima madini ya risasi kwa njia ya kuilimbikiza kwenye elektrodi kisha kuivua kwa volti, sehemu yake inakuwa imeshikwa na kabonati na kihisi hakiioni. Lazima utie asidi kwanza. Kiwango cha risasi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita, kidogo mno, kwa hiyo hata chupa uliyochotea inaweza kukuharibia. Chota maji ya ziwa mwezi wa kwanza wa utafiti, usingoje sura ya mwisho ya tasnifu.

Mashine ya potenshiostati ni ghali, ila mwaka 2011 ulichapishwa mchoro wa wazi wa CheapStat, ambayo vipuri vyake havikufika dola 80. Anayejua kuchomea risasi kwenye saketi anaweza kuiunda.

Wengi wenu mtaishia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Popote mwendako, msimuulize msimamizi ana machapisho mangapi. Hayo mtayaona mtandaoni. Watafuteni wanafunzi wake wa zamani, muwaulize mashine ikiharibika hutengenezwa na nani, na inakaa muda gani bila kufanya kazi. Wakijibu kwa kucheka, andikeni barua kwa msimamizi mwingine.