Mbwa, paka na kupe: vile tunapambana nao Kisumu mwaka mzima

Ukisoma ushauri wa watu wa Uingereza utaskia ati kupe wana msimu, baridi ikiingia wanapungua. Sasa hapa Kisumu hiyo baridi iko wapi? Joto ni lile lile, mvua za Machi zikianza nyasi zinapanda, za Oktoba zikija ni hivo hivo, na hata Januari kukiwa kukavu viroboto wako ndani ya nyumba kwa kivuli wamestarehe tu. Kwa hivo mimi singoji nione kupe ndio nikimbie agroveti, nimeweka rimainda kwa simu, tarehe ikifika dawa inapeanwa, basi.

Tunaishi Mamboleo, tuna mbwa wa kulinda boma na paka wawili, na ng'ombe wa majirani wanapita hapo nje ya geti wakichunga, kwa hivo kupe watakuja tu, hiyo nishakubali.

Kitu watu hawaelewi ni kwamba kiroboto unayemwona kwa mbwa ni kipande kidogo cha shida. Jike moja linaweza taga mayai 40 na kitu kwa siku, na hayo mayai hayashiki kwa manyoya, yanadondoka pale mnyama analala, kwa kapeti, kwa nyufa za simiti, chini ya sofa. Yakishaanguliwa wale wadudu wanakua halafu wanajifunga kwa kifuko, na huko ndani dawa haiwafikii vizuri, wanaweza kaa miezi wakingoja joto na mtingishiko wa mtu akipita. Ndio maana unahamia nyumba ya kupanga iliyokaa tupu, bado unaingiza viti na vifundo vya miguu vishaanza kuwasha, na hata mnyama huna!

Kuogesha mbwa peke yake basi ni kazi bure. Blanketi lake tunafua na maji moto kila wiki linaanikwa juani, kapeti inatolewa nje inapigwa, kisha unafagia mpaka nyuma ya kabati. Na yule kupe wa kahawia wa mbwa ni fundi wa kupanda ukuta, jike likishiba linashuka, linatafuta ufa, linataga mayai maelfu hapo ndio linakufa. Kwa hivo kibanda cha mbwa usiangalie chini tu, tochi mulika kona za juu na katikati ya mbao. Chetu tuliziba nyufa zote na mambo yakawa afadhali sana.

Jioni nampapasa mbwa masikio, chini ya kolari, kwapani, katikati ya vidole. Nikipata kupe nachukua twiza ya nyusi, nashika karibu kabisa na ngozi, navuta pole pole bila kuzungusha, anaingia kwa chupa ya spiriti. Mambo ya mafuta taa na kiberiti wachaneni nayo jameni. Viroboto kama huwaoni, mchane juu ya tishu nyeupe yenye maji, ule uchafu mweusi ukiacha rangi ya damu jua wako.

Dawa ziko za kutafuna, zingine za mwezi, zingine zinafika karibu miezi mitatu, na ziko za matone ya shingoni. Pima uzito wa mnyama kwanza. Na tafadhali, hii tabia ya kukadiria dawa ya ng'ombe na kifuniko cha soda mnamwagia mbwa, iacheni. Kwa paka ndio mbaya zaidi, dawa ya mbwa yenye permethrini (kemikali ya kuua wadudu, angalia jina kwa pakiti) inaweza kumuua kabisa, jirani yetu aliweka kidogo tu na paka akatetemeka usiku mzima, bahati daktari wa mifugo alipatikana.

Ukiona mbwa amekataa chakula, ana homa, ufizi umekuwa mweupe ama mkojo umekuwa wa kahawia, usijaribu dawa za nyumbani, kupe wanaleta magonjwa ya damu, peleka siku hiyo hiyo. Viroboto nao wanaleta tegu, vile vipande vyake utaviona kama punje za mchele huko nyuma, kwa hivo dawa ya minyoo pia iende pamoja.

Watoto wa mbwa na paka wa chini ya wiki 8 dawa nyingi haziwafai, hao tumia chanuo la meno membamba na maji vuguvugu yenye sabuni, uwakaushe haraka wasishikwe na baridi, na mama yao umuulizie daktari dawa ya mwenye ananyonyesha.