Pesa za maroketi zinatufaa nini sisi wa Kusini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi, nipo Mikindani. Redioni nasikia Wamarekani wanatumia mabilioni ya dola za walipa kodi kurusha vyombo angani, na huku duniani watu wana shida chungu nzima. Faida yake nini?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Dola hizo hazirushwi na roketi. Zinabaki hapahapa duniani, ni mishahara ya wahandisi, wachomeleaji na walimu wa vyuo. Tena NASA, shirika la anga la Marekani, hupata chini ya senti moja katika kila dola ya matumizi ya serikali yao.

Ila faida unayoijua wewe ni ya baharini. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Bibi yangu alikuwepo, na alitusimulia kuwa hakuna aliyewaambia kinakuja. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa Aprili 1960. Sasa kumbuka Kimbunga Kenneth, Aprili 2019: Mtwara shule na ofisi zilifungwa, watu wakahamishwa, kisha kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Wapo walionung'unika kwamba wamesumbuliwa bure. Mimi siafikiani nao kabisa. Heri kulala darasani usiku mmoja kuliko kuzika. Mei 2024 kilipokuja Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika pale Somanga, lakini TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, ilikuwa imeshatangaza mapema na wenye vyombo walikwishatahadharishwa.

Onyo hilo linategemea picha za setilaiti kama Meteosat, ambayo hupiga kila baada ya dakika 15 au chini yake. Serikali za Ulaya zimechanga kuigharamia. Mfanyabiashara angetuuzia picha hizo, na sijui nani huku angezinunua. Marekani yenyewe iliwahi kuuza picha za Landsat, setilaiti zake za kupiga picha za ardhi, na wanunuzi wakawa wachache; ilipozitoa bure mwaka 2008, matumizi yakapanda mno, kwenye mashamba, misitu na mikoko. Hata GPS mnayotafutia miamba ya samaki ni mali ya serikali yao, na hulipii hata shilingi.

Linaloniuma ni hatua ya mwisho. Taarifa ikishafika mjini, nani anaipeleka ufukweni saa kumi alfajiri, kabla vyombo havijatoka? Kazi hiyo inahitaji fedha za halmashauri, na si nyingi: simu ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), bendera ya onyo, mtu wa zamu. Liulizeni hilo kwenye mkutano wa mtaa, na mdai jibu.