Kaneloni bila oveni

Dada, umeuliza kama kaneloni, yaani ile mirija minene ya tambi inayojazwa nyama ndani, zinaokeka bila oveni, na kwa nini zako zilibaki ngumu juu. Oveni si lazima. Mimi niko Mtwara, napalia mkaa kama ninavyopalia wali: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 40 hivi.

Ugumu unatokana na mchuzi mchache. Ile mirija huingia ikiwa mikavu, kwa hiyo inakunywa maji yote ya kwenye sufuria. Anza na mchuzi wa nyanya chini, panga mirija, kisha umwagie mchuzi mweupe mpaka usione hata ncha moja. Mchuzi mweupe ni siagi gramu 40, unga wa ngano gramu 40, maziwa nusu lita na kungumanga kidogo. Uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Ukiwa mzito, umerudi kulekule.

Nyama ya kusaga ikaange na kitunguu na swaumu mpaka ikauke kabisa, ipoe, ndipo uchanganye na jibini kidogo. Jaza kwa kidole, kijiko kitakutesa bure. Jibini nyingine nyunyiza dakika 10 za mwisho, la sivyo inaungua.

Mirija ukiikosa madukani, pika chapati za maji nyembamba, uzikunje na nyama ndani. Waitaliano nao wana zao za hivyo, crespelle. Kusema kweli mimi nazipenda hizo kuliko kaneloni zenyewe.

Ukiipua, subiri dakika 10 kabla ya kukata.