Ukitaka Fedha za Serikali kwa Historia ya Kwenu, Anza na Hati

Wengi wanaonijia kutaka ushauri wa ruzuku za turathi huwa na kila kitu isipokuwa makaratasi. Wana mzee anayekumbuka jahazi la mwisho kuundwa ufukweni kwao, wana gofu la msikiti nyuma ya shule, wana sanduku la picha na barua za babu. Swali lao la kwanza huwa: "Fomu inapatikana wapi?" Fomu ndiyo ya mwisho.

Fedha za serikali, ziwe zimetoka Washington, London, Tokyo au Nairobi, ni kodi ya watu. Afisa anayesoma maombi yako anaweza kuguswa sana na habari za gofu lenu, lakini naye ana mkaguzi anayemsubiri, na mkaguzi haulizi gofu lina umri wa karne ngapi. Anauliza ni la nani, nani aliruhusu liguswe, na nani alilipwa. Ukiwa na hati za kujibu hayo kabla wito wa maombi haujatangazwa, umemaliza sehemu ngumu zaidi.

Kwanza jua milango iliyopo, maana kila mmoja una masharti yake. Marekani ina Mfuko wa Mabalozi wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa mwaka 2001, unaotoa kuanzia dola 10,000. Maombi yake hupita ngazi mbili: kwanza andiko fupi kwa ubalozi wa nchini kwako, kisha wale waliochujwa hualikwa kuandika andiko kamili. Uingereza ina Mfuko wa Kulinda Turathi, unaosimamiwa na British Council. Ulianza 2016 ukizitazama zaidi Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na mwaka 2020 ukaingia Afrika Mashariki kwa miradi ya majaribio iliyohusu majanga na mabadiliko ya tabianchi. Japani ina misaada ya mashinani kwa shughuli za utamaduni, ambayo kwa kawaida haizidi yeni milioni 10 kwa mradi. Nyumbani, Katiba ya Kenya ya 2010 iliyapa magatuzi, yaani kaunti, shughuli za utamaduni, kwa hiyo ofisi ya kaunti si ya kupita mbali. Ndugu zetu wa Tanzania nao huniuliza kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Ile ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hurudishwa, na magofu hayaleti marejesho kila mwezi.

Sasa turudi kwenye suala la mwenye mali, maana hapo ndipo miradi mingi ya pwani hukwama. Chukua msikiti wa kale ulioachwa. Huenda umetangazwa kuwa mnara wa kitaifa, yaani jengo la kale linalolindwa na serikali, chini ya sheria ya 2006 au ile iliyotangulia, na kwa hiyo Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana neno. Ardhi yake huenda ni wakfu, kwa hiyo Makamishna wa Wakfu nao wana neno. Kuna pia jamaa wanaosema babu yao ndiye aliyezikwa pale kibla, na ukianza kusafisha vichaka bila kuwaambia utawakuta asubuhi wamekaa juu ya mawe. Unahitaji barua za wote watatu. Zisiwe barua za kusema "tunaunga mkono mradi huu"; hizo ni maua. Barua inayosaidia inataja mahali kwa jina na mipaka, inataja kazi itakayofanywa, inasema nani atasimamia mahali hapo mradi ukiisha, na ina tarehe, muhuri na cheo cha aliyetia sahihi. Maafisa huhamishwa. Barua isiyo na cheo huondoka na mtu wake.

Nyumba za miji ya kale ni ngumu zaidi. Nyumba ya Lamu au ya Mji wa Kale wa Mombasa mara nyingi haijagawanywa tangu marehemu afe: mrithi mmoja yuko humo ndani, wawili wako Nairobi, mwingine Maskati na hajarudi tangu utotoni. Yule anayeishi humo ndiye anayekukaribisha chai na kukuonyesha zidaka na mlango wa nakshi, na ni rahisi kumwona kuwa ndiye mwenye nyumba. Si yeye peke yake. Niliona mradi mmoja, ulioandikwa vizuri kuliko mingi, ukisimama kwa sababu ya sahihi ya mrithi mmoja wa ng'ambo aliyedhani nduguze wanataka kuiuza nyumba kwa wageni. Kama mirathi haijaamuliwa, mtafuteni Kadhi kwanza, au chagueni jengo jingine. Na mjue kwamba wafadhili wengi wa serikali hawapendi kutengeneza nyumba ya mtu binafsi, hata iwe nzuri namna gani, wasipoona umma utafaidikaje.

Msikiti unaosaliwa nao una sharti lake. Mfuko wa mabalozi hukubali mahali pa ibada kwa thamani yake ya kihistoria au kisanaa, na hulipia kile tu kinachohitajika ili jengo lisianguke au lisiharibike. Mihrabu ya kale inayopasuka, ndiyo. Mazulia na vipaza sauti, hapana. Haulipii ujenzi mpya, haununui vitu vya kuweka kwenye makumbusho, na haushughulikii mabaki ya wanadamu: mnara wa kaburi unaweza kuombewa, mifupa iliyo chini yake isiguswe. Waambieni wazee haya mapema, msikitini, kabla mtu hajaanza kueneza kwamba Wamarekani wanajenga madrasa.

Usajili ni kero isiyo na utamu wowote, kwa hiyo nitaipitia haraka. Kikundi chenu kiwe na cheti halali. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na mashirika yaliyosajiliwa kama NGO yana sheria mpya iliyoanza kutumika Mei 2024. Kwa fedha za Marekani mtahitaji namba ya utambulisho kutoka SAM, mfumo wao wa kusajili wanaopokea fedha za serikali. Tangu Aprili 2022 namba hiyo imechukua nafasi ya ile ya zamani iliyoitwa DUNS. Jina na anwani viwe vilevile kila mahali, herufi kwa herufi: cheti, benki, fomu. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya mahali mlipo. Andikeni mtaa, jengo, hata kama jengo ni duka la shangazi yake mweka hazina. Usajili huo wa SAM ni bure na huhuishwa kila mwaka. Atakayekupigia simu au kukuandikia akitaka dola kadhaa ili "akuharakishie" ni tapeli.

Kama kikundi ni kidogo, ingieni kwa mgongo wa shirika kubwa. Si aibu. Mwaka 2011 mfuko huohuo wa mabalozi ulitoa takriban dola 700,000 kwa ajili ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na aliyepokea na kusimamia fedha alikuwa World Monuments Fund ya New York, akifanya kazi na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania. Magofu yale yalikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004, yakaondolewa 2014. Hakuna kikundi cha kijiji ambacho kingeweza kubeba hesabu za kiasi kile. Lakini mkiingia kama washirika, msikubali neno "jamii itashirikishwa" liwe ndiyo sehemu yenu yote. Takeni fungu lenu liandikwe kwenye bajeti, kwa jina la kikundi, na makubaliano yatiwe sahihi kabla ombi halijatumwa. Likishatumwa hamna tena nguvu ya kudai.

Kwenye bajeti ndipo ninapopoteza sauti kila mara. Watu huandika "ukarabati wa ukuta" na tarakimu moja nene mbele yake. Ukuta wa mawe ya matumbawe hutengenezwa kwa chokaa. Ukiupiga simenti, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na baada ya misimu michache jiwe hugeuka unga nyuma ya lipu inayong'aa. Chokaa nayo haipatikani kama mfuko wa simenti dukani: huchomwa, huzimwa kwa maji, huachwa ikomae kwa majuma au miezi. Kwa hiyo bajeti iwe na tanuri, kuni, mapipa, fundi anayejua na vijana wawili watakaojifunza kwake. Boriti za mikoko zina kibali chake pia, na kibali kinaweza kukosekana ghafla. Marufuku ya ukataji miti ya 2018 iliwagusa hata wakata mikoko wa Lamu. Msomaji wa maombi akiona umeyajua haya, anajua umewahi kusimama mbele ya ukuta.

Weka pia kalenda mbili ubavu kwa ubavu. Mwaka wa fedha wa Marekani huisha Septemba 30, kwa hiyo mikataba mingi husainiwa dakika za mwisho za Septemba, halafu Oktoba vuli inabisha hodi. Mwaka wa fedha wa Uingereza huisha Machi 31, na huko ndiko masika yanakoanzia. Kazi ya lipu iliyochelewa mwezi mmoja tu itakutana na mvua na mfadhili kwa pamoja. Wetu wa Kenya na Tanzania huisha Juni 30. Ongeza Ramadhani. Kazi ya nje ya ukuta iwekwe kaskazi, na miezi ya mvua iwe ya kunakili sauti za wazee, kuorodhesha picha na kuandika ripoti.

Halafu kuna sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyepanga dola 20,000 kwa bei ya juu alihesabu shilingi milioni 3.2, akapokea milioni 2.6. Mafundi hawakupunguza bei. Panga kwa kiwango cha tahadhari, na uandike kwenye maelezo ya bajeti ulitumia kiwango gani na cha tarehe ipi. Msione haya pia kuomba gharama za uendeshaji. Tangu Oktoba 2024 kanuni za Marekani humruhusu mpokeaji asiye na kiwango chake maalumu cha gharama hizo kudai hadi asilimia 15 ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja; zamani ilikuwa 10. Kodi ya chumba na umeme wa kompyuta si dhambi.

Miradi ya kurekodi wazee huonekana rahisi kwa sababu haina chokaa. Kuinakili saa moja ya sauti kwa maandishi kunaweza kula siku nzima ya kazi, hasa mzee anapochanganya Kiamu na mashairi, na hiyo siku lazima ilipwe. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya Kenya ya sayansi na teknolojia, kitaulizwa. Lakini lililo zito zaidi ni ridhaa. Pwani yetu ina maneno ambayo yakitoka chumbani yanavunja nyumba: nani alikuwa mtumwa wa nani, nani alipewa shamba na nani alikaa tu. Nenda Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, au Rabai, uone jinsi kumbukumbu ya ukoo na madai ya ardhi zinavyolala kitanda kimoja. Mzee aulizwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya kusikilizishwa alichosema. Apewe nafasi ya kusema kipande hiki kisitoke mpaka nife. Wafadhili wa serikali hupenda kila kitu kiwekwe wazi kwa umma, na wana haki, kwani fedha ni ya umma. Basi mipaka hiyo iandikeni ndani ya ombi lenyewe, mapema, na sababu yake. Sijaona ombi likikataliwa kwa ajili hiyo. Ugomvi huja pale mnapotia sahihi kwamba rekodi zote zitakuwa wazi, kisha mnarudi kuomba kuficha tatu.

Msianze kutumia fedha kabla ya mkataba kusainiwa, hata balozi mwenyewe awe amewapongeza kwa simu. Gharama za kabla kwa kawaida hazirudishwi. Na msimwegemee mtoaji mmoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iipitie upya. Aprili mwaka huohuo, huko kwao, zaidi ya ruzuku 1,000 za NEH, taasisi yao ya taifa inayofadhili historia, fasihi na elimu nyingine za utu, zilifutwa, zikiwemo za makumbusho na vyama vya historia vya mitaa vilivyokuwa katikati ya kazi. Mkataba wa serikali una kifungu cha kuuvunja. Usomeni kabla ya sherehe. Ndiyo maana nawashauri kuigawa kazi vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kusimama peke yake: ukuta wa kaskazini ukamilike na kuezekwa kinga kabla ya kuugusa wa kusini. Jengo lililobomolewa nusu likingoja awamu ya pili ni baya kuliko jengo lisiloguswa.

Kumbukumbu zote za fedha za Marekani huhifadhiwa miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya fedha. Risiti za mashine zipige picha siku ileile mnayonunua, na muandike nyuma yake kwa kalamu kilichonunuliwa na fungu lake. Joto letu hufuta wino wa karatasi zile, na kipande cheupe hakuna mkaguzi atakayekikubali.